Mizani ya Mkojo

Mkojo wa Loyce ulifika Dar es Salaam kabla ya mama mkwe wake, na hilo mama mkwe hakulimeza kirahisi.

"Mimi nimezeekea hapa hapa," Mama Raheli alisema siku watafiti walipoondoka na chupa ya kwanza. "Dar sijaiona hata kwa dirisha la basi. Leo mkojo unapanda gari lenye kiyoyozi, tena umewekewa barafu!"

"Na wewe beba mimba, mama, wakuchukue," Scola akamjibu.

Scola alikuwa binti yake mkubwa, wifi yake Loyce. Aliolewa mara mbili, akarudi nyumbani mara mbili, na sasa alikuwa na kibanda chake cha supu ya kuku jirani na mnada. Ukinywa supu yake utakunywa na maneno yake, huwezi kuchagua kimoja.

Loyce, mwenye mkojo wake, alicheka mpaka akashika kiuno. Mama na binti wakatazamana. Kicheko kile kilikuwa kimepotea katika nyumba ile muda mrefu.

Kilipotelea shambani, katikati ya mtama, pamoja na mimba yake ya kwanza. Alianza kuvimba miguu, kisha uso, na majirani wakamsifu: bibi harusi ananenepa, ndoa imemkubali. Kichwa kilipomuuma wakamfunga kitambaa. Halafu siku moja akaanguka akitupa mikono na miguu kama kuku aliyechinjwa, na kabla halijapatikana gari la kumfikisha Singida mjini akaanguka tena. Kifafa cha mimba. Yeye alipona kwa kuponea padogo. Mtoto hakupona. Loyce alirudi nyumbani na kanga mpya zisizokuwa na wa kubebwa. Wapo waliosema ni mapepo. Wapo waliosema watu wa Nduguti, kwao Loyce, walimtoa binti kwa kinyongo. Aliyesema presha hakuwepo, kwa sababu aliyeipima hakuwepo.

Mimba ya pili aliificha ndani ya gauni pana hata mumewe, Innocent, fundi wa reli kule Itigi, alikuwa wa pili kujua. Wa kwanza alikuwa Scola, aliyekuja kusalimia akakuta ukuta wa jiko una shimo.

"Wifi," akauliza, "huu ukuta unaupunguza wewe au panya?"

Loyce akafuta udongo mdomoni, kisha akaanza kulia. "Naogopa, wifi. Sitaki kuanguka tena."

Basi shida ya nyumba ile ilikuwa hiyo moja, na kila mtu aliibeba kwa namna yake. Loyce asianguke tena.

Watafiti walikuja kituo cha afya msimu wa kupanda. Kiongozi wao alikuwa Eliana, dada mwembamba mwenye miwani, ambaye alijipatia sifa siku ya kwanza kwa kuwaamkia kina mama wote watu wazima, mmoja mmoja, kabla hajafungua mdomo kusema lililomleta. Alipolisema, benchi zima likainua shingo.

"Tunaomba mkojo wenu."

"Wa nini?" Mama Raheli aliuliza. Alikuwa amemsindikiza mkwewe, na alikuwa na mashaka na mtu yeyote anayeomba kitu kilichotoka mwilini mwa mtu.

"Mama, mwilini mwetu kuna protini, na kila siku zinavunjikavunjika. Vipande vyake vidogo vinaitwa peptidi. Vingine hutoka na mkojo. Mama anayeelekea kwenye kifafa cha mimba, tunadhani vipande vyake vinaanza kubadilika mapema, hajavimba bado, presha haijapanda bado. Tukijifunza kuvitambua, tutakuwa tunamuwahi."

"Mnaviona kwa macho?"

"Havionekani. Tuna mashine Dar, inaitwa spektrometa. Inavipima uzito, kimoja kimoja. Ukijua uzito wa kipande, unajua kimevunjika kutoka kwenye protini gani."

Mama Raheli akafikiri. "Kumbe ni mizani. Kama ile ya mnadani. Mbuzi anapanda, mtu anasoma."

"Ni mizani, mama. Ila mbuzi wake ni wadogo mno."

Tangu hapo hakuna aliyehangaika tena na spektrometa. Ikawa mizani. Eliana aliwaonya wasiifanye Mungu: huu bado ni utafiti, kupima presha kituoni kuendelee vilevile, na chupa isimzuie mtu kukimbilia hospitali akijisikia vibaya. Wakapeana na ahadi. Mizani ikionyesha jambo la kutia wasiwasi, atapiga simu. Asipopiga, mtu atulie.

Chupa ya kwanza Loyce aliijaza pale pale kituoni. Kisha akaenda nyumbani akiwa na simu kifuani, akaiogopa. Iliita mara ngapi! Innocent, Scola, mtu aliyekosea namba. Kila ilipoita Loyce alikaa chini kwanza ndipo akapokea. Eliana hakupiga. Kimya chake kikaanza kuwa kitamu, na Loyce akaanza kula bila kubembelezwa.

Chupa ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Ilitakiwa mimba ikikaribia umri ule ambao ya kwanza ilivunjikia. Safari hii uwe mkojo wa alfajiri, uchukuliwe nyumbani na ufike kituoni asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu gari la kuukusanya lilikuwa linapita mara moja tu.

Na asubuhi hiyo hiyo mvua ikawa imenyesha mpaka korongo likajaa. Bodaboda aliyekuwa ameahidi kuja akapiga simu kutoka ng'ambo: pikipiki yake ni pikipiki, si mtumbwi. Loyce akabaki mlangoni na chupa yake mkononi. Sista Jenifa, muuguzi wa kituo, alikuwa amemkataza kutembea mwendo mrefu. Mama Raheli alikuwa na goti lililokataa hata kwenda kanisani. Mtu mmoja tu nyumba nzima alikuwa anavuka siku hiyo, kwa kuwa alijua mahali miamba ilipojipanga ndani ya maji. Huyo alikuwa Mzee Zefania, baba mkwe, aliyekuwa akiwaswaga mbuzi wake kwenda mnadani.

"Mpe baba," Scola alisema kwenye simu.

"Nimpe baba!" Loyce nusura aiangushe simu, chupa na yeye mwenyewe.

Kwa watu wa nyumba ile, mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hakai naye mkeka mmoja, wala hampitii mbele. Anasema shikamoo akiwa ametazama chini, anasema karibu chakula, basi. Nguo zake hazianikwi mahali baba mkwe atazitazama. Sasa mkojo! Kwa sheria ya mambo yao, Mzee Zefania hakupaswa hata kujua kwamba Loyce hukojoa.

"Ufunge kwenye kitambaa," Scola akasema.

"Atafungua," Mama Raheli akadakia. Alimjua mumewe. Mzee Zefania alikuwa mzee wa kanisa, tena mtu wa kusoma. Alisoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya sabuni, na chupa ile ilikuwa imebandikwa jina la Loyce kwa herufi kubwa. "Atafungua, atasoma kwa sauti, na mbuzi wote watasikia."

Hapo ndipo Mama Raheli alipopata akili aliyoiona nzuri kupita kiasi. Akashusha kutoka darini kibuyu kidogo chenye kamba ya bluu, kibuyu cha maziwa cha heshima, kile alichomtilia mchungaji anapotembelea. Akakisuuza kwa maji ya moto. Akakifukiza kwa kijinga cha moto kama kawaida ya vibuyu vya maziwa, mpaka kikanukia moshi mzuri. Hakuna chombo kisafi kama hicho humu ndani, alimwambia Loyce, na kwa macho yake na pua yake alikuwa anasema kweli. Wakamimina.

"Baba Scola," akamwita mumewe nyuma ya zizi, sauti imekonda ghafla. "Kibuyu kikubwa ni cha wateja wako. Hiki kidogo mpe Scola."

"Scola ameanza lini kunywa maziwa?"

"Tumbo linamsumbua."

"Litaacha kumsumbua akipunguza maneno," Mzee Zefania akasema. Akakitia kibuyu kwapani, akawapigia mbuzi mluzi, akashuka korongoni.

Ng'ambo Scola alikipokea kwa mikono miwili, bila kumtazama baba yake usoni. Akaenda kituoni kuomba chupa nyingine, akisema ile waliyopewa imepata ufa. Akazunguka nyuma ya ukuta, akamimina, akafunga, akaikabidhi kwa Sista Jenifa kama mtu aliyekojoa mwenyewe. Kisha akapiga simu.

"Umefika. Haujamwagika hata tone."

Mama Raheli na Loyce wakacheka jikoni mpaka uji ukaungua.

Kuna jambo moja siku zile halikuangaliwa na mtu. Tangu siku ya mnada, Mzee Zefania alianza kumnywesha shubiri ng'ombe wake mwekundu. Asubuhi anamkamata pembe, anamfungua mdomo, anamimina, na ng'ombe anakohoa na kumtazama kwa macho ya kuuliza kosa lake.

"Ana nini?" mkewe aliuliza.

"Maziwa yake yana harufu."

"Mbona sisi hatuisikii?"

"Ninyi mnajua nini kuhusu ng'ombe?"

Yakaisha. Kulikuwa na palizi ya alizeti, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kubishana juu ya afya ya ng'ombe.

Simu ya Eliana iliita Loyce akiwa anapeta mtama. Alikaa chini kwanza, kama kawaida yake, akapokea.

"Loyce, habari za nyumbani. Usishtuke."

Ungo ukamponyoka, mtama ukatawanyika, kuku wakafurahi.

"Kuna kitu kwenye chupa ya pili," Eliana aliendelea. "Hatukielewi vizuri. Nakuja mwenyewe kesho. Kichwa kinauma? Unaona nyotanyota? Hapana? Nenda kituoni leo hii upimwe presha, na ukijisikia tofauti hata kidogo usinisubiri mimi."

Maji ya korongo yalikuwa yamepungua, yakabaki matope. Bodaboda akampeleka polepole, akikwepa kila jiwe. Sista Jenifa akampima, akarudia, akamwonyesha namba. "Presha yako nzuri, mdogo wangu. Nzuri kabisa."

Loyce akaitikia, lakini haikumwingia. Mara ya kwanza hakuna aliyempima, kwa hiyo nani angemwambia kwamba siku moja kabla ya shambani haikuwa nzuri vilevile?

Nyumbani alizitoa nguo za mtoto alizoanza kuzipanga juu ya sanduku, akazikunja ndogo, akazirudisha chini kabisa. Scola alifunga kibanda chake, akaja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa utani. Akakaa jikoni akimenya vitunguu, akavimenya vingi kuliko nyumba ile ingeweza kula, na kila aliyepita akamwona anafuta macho akadhani ni vitunguu. Innocent alipiga kutoka Itigi, akakata, akapiga tena, na kila mara aliuliza swali lile lile kana kwamba jibu lilikuwa linaiva.

Mzee Zefania alimsogelea mkewe.

"Ni ile ya shambani?"

"Ni ile," Mama Raheli akasema.

Mzee hakugusa ugali. Alikwenda zizini, akasimama katikati ya ng'ombe wake, mkono juu ya mgongo wa yule mwekundu, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Eliana alifika na Sista Jenifa. Gari lao waliliacha barabarani kwa sababu ya matope ya korongo, wakaja kwa miguu. Salamu zilikuwa ndefu kama inavyotakiwa, na kila mtu alizitamani ziishe. Wanawake wakaingia ndani. Mzee Zefania akachukua kigoda chake na kamba aliyokuwa akiisuka, akasogea nje mbali na mlango, kama heshima inavyodai, lakini si mbali sana na dirisha.

"Loyce," Eliana akaanza, "mizani imeonyesha vipande vya protini ya maziwa. Vingi mno. Vimejaa hata vyako mwenyewe hatuvioni, kama ndama katikati ya kundi kisimani."

Loyce akashika titi kwa mkono. "Maziwa yangu? Yanapotelea huko?"

"Na sisi tulidhani hivyo. Mwili wa mjamzito unaanza kuandaa maziwa, tukafikiri labda kuna yanayovuja kwenda kusikotakiwa. Hatujawahi kuona kiasi kile. Ndiyo sababu nikapiga simu mbio mbio. Lakini jana wenzangu wamekaa wakausoma uzito upya. Protini ya maziwa ya mama na ya ng'ombe hazilingani, vipande vyake vina uzito tofauti." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hivi ni vya ng'ombe."

"Ng'ombe," Sista Jenifa akarudia, kama anayesoma hukumu.

"Ng'ombe. Tena si maziwa ya leo wala ya jana. Yamechacha, yamevunjika, yakavunjika tena. Loyce, mwili wa mtu hauwezi kufanya hivyo."

Mama Raheli akaanza kuyatazama mabati, moja baada ya jingine. Scola akamtazama mama yake.

Loyce hakumtazama mtu. "Daktari," akasema, "kile kingine hamkukiona?"

"Kipi?"

"Cha kifafa."

"Hatujaona kitu, Loyce. Si kibaya, si kizuri. Maziwa yamefunika kila kitu."

Loyce akashusha pumzi ambayo ilikuwa imekaa kifuani tangu jana, ndefu, ikatoka na ukelele mdogo. Haikuwa habari njema bado. Ilikuwa tu habari mbaya iliyokataa kutokea, na kwake ilitosha kwa kuanzia.

"Sasa tusaidiane," Eliana akasema. "Maziwa yameingiaje kwenye chupa?"

Nje, kamba iliacha kukwaruza. Mzee Zefania alikuwa amepumzisha mikono.

Mama Raheli akapunguza sauti mpaka ikabaki midomo. "Ulipita kwenye chombo."

"Chombo gani, mama?"

"Chombo cha nyumbani."

"Kikombe?"

"Kirefu kidogo."

"Jagi?"

"Kina shingo," Mama Raheli akasema, akimwomba kwa macho asiendelee.

"Kina na kamba," Scola akaongeza.

Dirishani kikasikika kikohozi.

"Ya bluu?" Mzee Zefania akauliza.

Kuku mmoja akaingia ndani, akaona hali ilivyo, akatoka. Loyce alikuwa amejifunika kanga kuanzia kichwani, akabaki kifurushi.

"Mama Scola," sauti ya mzee ikaendelea kutoka nje, pole pole, "kibuyu kile nilikibeba mimi."

"Ulikibeba, Baba Scola."

"Kwapani."

"Kwapani."

Mzee akaipitia safari ile yote upya, jiwe kwa jiwe.

"Baba," Scola akaita, "njiani hukuonja?"

"Scola!" mama yake akamkemea.

"Nauliza tu. Si utafiti?"

"Sikuonja," Mzee Zefania akasema. "Nilifungua, nikanusa. Nikajua yule mwekundu anaumwa."

Sista Jenifa ndiye aliyeanza. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kiganja, kikamtokea puani. Scola akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni. "Shubiri!" akapiga kelele. "Mnyama wa watu! Kila asubuhi shubiri!" Mama Raheli akacheka akilishika goti lake bovu, akiomba msamaha kwa Bwana na kwa ng'ombe kwa pamoja. Eliana akavua miwani tena, safari hii ili afute macho. Na ndani ya kifurushi cha kanga kikatoka kile kicheko cha Loyce, chembamba, kikapanda mpaka mabatini.

Mzee hakucheka. Alisubiri wanyamaze, kwa subira ya mtu aliyezoea wanawake wa nyumba yake.

"Binti," akamwita Eliana, "hiyo mizani yenu inaweza kusema ni ng'ombe yupi?"

"Hapana, baba. Inasema ni ng'ombe, si mbuzi, si mtu. Jina lake haisemi."

"Kibuyu kile alikitumia mama yangu. Kimepokea maziwa ya ng'ombe ambao mifupa yao hata mimi siijui ilipo." Akatikisa kichwa. "Nanyi mmekisafisha, mmekifukiza. Kumbe wote wamo humo bado."

"Vibuyu vinanyonya maziwa, baba," Eliana akasema. "Ukutani mwake humo yanabaki. Pua haiyasikii, ulimi hauyasikii. Mashine imeyasikia."

Ikabaki kazi. Maziwa hayakuwa jibu, na Loyce alikuwa anajua hivyo kuliko wote. Eliana alikuwa na chupa mpya, na garini alikuwa na sanduku la barafu. Loyce akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi na chupa iliyojaa, akasimama mlangoni, na hapo ikaonekana kwamba njia pekee ya kwenda barabarani inapita mbele ya kigoda cha baba mkwe.

Mzee Zefania akasimama. Akawapa mgongo wote.

"Hiyo chupa nitaipeleka mimi mpaka garini," akasema akitazama zizi lake. "Na korongo likijaa tena, nitavuka nayo. Chupa kwa chupa. Vibuyu hapana."

"Na desturi, Baba Scola?" mkewe akauliza.

"Desturi inasema nisione. Nani amesema nisibebe?" Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, bila kugeuza shingo. "Humo ndani kuna na mjukuu wangu."

Loyce akasogea hatua fupi fupi. Akaiweka chupa katika kiganja cha mzee kwa mikono miwili, akitazama chini, na vidole vya mzee vikafunga. Akaondoka hivyo hivyo, mkono mmoja nyuma, kifua mbele, akiruka matope kama askari mwenye siri ya serikali mgongoni. Eliana na Sista Jenifa wakamfuata bila kumpita, maana walielewa kwamba wasimpite.

Safari hii Eliana alibadilisha ahadi. Atapiga simu kwa vyovyote vile, liwe jema, liwe baya. Alisema amejifunza kwamba simu inayoita kwa mabaya tu inaua watu kabla haijapokelewa.

Alipopiga, Loyce aliitazama simu ikiita, akampa Scola. Scola akaweka sauti ya juu, na kwa mkono mwingine akamshika wifi yake.

"Safi," Eliana alisema. "Umesikia, Loyce? Safi. Vipande vyako tunaviona vyote sasa, na zile dalili tunazozitafuta hatujaziona. Presha uendelee kupima, kliniki usiache. Lakini leo lala."

"Na maziwa?" Scola akauliza.

"Hata tone."

Mama Raheli akatoka nje akakimbia mpaka zizini akipiga vigelegele njia nzima, goti limesahauliwa. Mzee Zefania alikuwa amemshika pembe yule mwekundu; dozi ikianzwa humalizwa, alisema, hata kama mgonjwa hakuumwa. Alisikiliza. Akauliza mara moja tu, "Hawajaona?" na mkewe akajibu, "Hawajaona." Basi mzee akageuza kopo la shubiri, akaimwaga yote ardhini, akampiga ng'ombe kofi la shingoni la kumwambia aende zake. Jioni ile alikula ugali mara mbili. Loyce alilala mpaka jua likaingia ndani, na Mama Raheli akamfukuza kila aliyetaka kumwamsha.

Chupa ya mwisho ilivuka korongo mgongoni mwa mzee vilevile, na simu ya Eliana ikawa fupi kuliko ile: safi tena. Siku zilipokaribia, Innocent alikuja kutoka Itigi akamhamishia mkewe mjini, karibu na hospitali, kabla uchungu haujaanza. Ukaanza mchana. Loyce alisema baadaye kwamba kila alipofumba macho aliuona mtama, na kila alipofumbua alimwona Scola, aliyekuwa amekatazwa kuingia na ameingia. Hakuanguka. Presha ilipimwa mpaka mkanda ukawa na joto, ikabaki mahali pake. Kisha akalia mtu mwingine kabisa, kwa sauti ya kudai, mtoto wa kike mwenye mapafu ya shangazi yake. Zile kanga zikapata wa kubebwa.

Siku ya pili Mzee Zefania alifika wodini. Alisimama mlangoni upande upande, uso kwenye ukuta, kofia mkononi. Mkono wa pili ulishika kibuyu kidogo chenye kamba ya bluu.

"Nimeleta maziwa," akaiambia rangi ya ukuta.

Innocent akatazama viatu vyake. Scola akang'ata kanga, akaapa moyoni kwamba safari hii hatakuwa yeye wa kuuliza.

Loyce alikuwa amemwinamia mtoto. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia baba mkwe neno zaidi ya shikamoo na karibu chakula.

"Shikamoo, baba," akasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba," Loyce akaongeza, taratibu sana, "umekinusa?"

Mabega ya Mzee Zefania yakatikisika. Kwanza kidogo, halafu yote mawili, mpaka akaegemea fremu ya mlango. Alipoweza, akang'oa kizibo, akainua kibuyu mbele ya wodi nzima, akanywa yeye kwanza, funda refu, akajifuta sharubu.

"Ni maziwa," akasema. "Ya yule mwekundu. Amepona."